Jedwali la Kagunga

Ujiji, 9 Mei 2015

Kaka Alphonce,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa umenizidi umri, si kwa kuwa Muha anastahili shikamoo ya Mmanyema. Usininunie, mtani. Huko ulikopelekwa nadhani hakuna anayekutania.

Ndani ya mfuko huu wa nailoni kuna memori kadi. Nimempa Nuhu wa boti, na nimemwambia akiilowesha nitamfuata mpaka kwao Ilagala. Ofisini wanasema simu hazishiki Kagunga, basi tutaandikiana hivi hivi kama wazee wetu, na Nuhu ndiye posta.

Ile programu ya kuandikisha wakimbizi wa Burundi, uliyosema inakwenda kama imekula ugali wa jana, nimeitupa. Ubaya wake ulikuwa maswali. Kila anayeshuka boti ilimuuliza yote kwa zamu: ni mgonjwa, ni mjamzito, ni mzee, yuko na familia, na kadhalika mpaka mwisho. Hii mpya haiulizi. Katika Lua, lugha ya kompyuta ninayoandikia, kazi yenyewe (wenzetu huiita fankisheni) ni kitu cha kushika kama namba au jina. Unaweza kuiweka ndani ya jedwali. Basi nimetengeneza jedwali. Kushoto nimeweka aina ya mtu, kulia nimeweka kazi yake. Si maelezo ya kazi, kazi yenyewe. Ni kama kabati la marehemu bibi yangu: hakuandika popote kwamba hapa pana dawa ya tumbo, dawa ilikuwa pale pale, unafungua unakunywa. Wewe chagua aina tu, programu itafungua na kufanya.

Kwa sasa ukichagua mgonjwa, inamweka boti ya kwanza ya Kigoma, inaagiza bangili nyekundu, na inamtoa kwenye familia yake ili safari yake isizuiwe kwa kungoja familia. Ukichagua familia, wote wanapata namba moja na wanasafiri pamoja. Ukichagua mtoto wa peke yake, anabaki shuleni hapo Kagunga mpaka ndugu yake ajitokeze. Na ukiandika aina ambayo haimo, haifanyi kitu, inaita anayefuata. Nimeiacha hivyo kusudi isikwame.

Jaribu uniambie. Na ule.

Mdogo wako na mtani wako,
Shadya Hamdani


Kagunga, 14 Mei 2015

Dada Shadya,

Marahaba. Programu inakwenda vizuri. Leonardi, kijana tunayepokezana naye mezani, ameielewa kwa asubuhi moja.

Sijui nikuandikie nini kuhusu hapa. Kijiji kiko kati ya mlima na ziwa, na katikati ya hivyo viwili sasa hakuna mahali pa kuweka mguu. Watu wanalala walipofika. Wanapikia walipolala, na wanajisaidia jirani na hapo, maana waende wapi. Maji wanachota ziwani. Kipindupindu kimeingia. Juzi nilianza kuhesabu waliofunikwa khanga nikaacha. Sikuacha kwa kulia. Niliacha kwa sababu nilitakiwa mezani.

Jambo la kwanza ni watoto. Kazi yao kwenye jedwali lako ni kungoja shuleni. Shadya, shuleni ndiko wanakougulia. Mtoto anaingia mzima na baada ya siku chache anatolewa. Naomba uwaondoe hapa haraka kama unavyowaondoa wagonjwa. Wakangojee ndugu zao Kigoma, kwenye maji safi. Usichelewe.

La pili ni langu. Dada yangu Winfrida aliolewa ng'ambo, Nyanza-Lac. Alituma salamu kwamba mumewe anabaki kulinda nyumba na yeye anakuja na binti yao, Irakoze, miaka minne. Mimi nilimwona mtoto huyo mara moja tu, akiwa bado ananyonya. Kila boti inayogota nasimama nikitazama. Nimetazama nyuso nyingi mpaka naogopa dada yangu atapita nisimjue. Mama yetu huko Kalinzi ananitumia salamu kwa kila anayeshuka mlima: kazi uliyopewa na Mungu huko ni kuwaleta hao wawili, nyingine ni mshahara tu.

Chakula kipo. Nakula.

Alphonce


Ujiji, 16 Mei 2015

Kaka Alphonce,

Shikamoo na pole. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaingia ndani kuandika kabla sijavua viatu.

Hili lako la watoto limenichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Ule ndio uzuri wa kuweka kazi kwenye jedwali. Sikuandika kazi mpya. Kazi ya kuwahi boti ipo tayari, ya mgonjwa. Nimeuambia mstari wa mtoto ushike kazi ile ile:

kazi["mtoto"] = kazi["mgonjwa"]

Basi. Ukitazama, mwishoni hakuna mabano ya duara. Ningeweka mabano, ingekuwa naiamrisha ifanye pale pale. Bila mabano ninaishika tu na kumkabidhi mwingine. Sasa kazi ni moja na ina majina mawili. Ukichagua mtoto, itamfanyia yote inayomfanyia mgonjwa: boti ya kwanza, bangili, na safari bila kungoja mtu. Leonardi aweke kadi hii leo leo.

Kuhusu wifi yangu Winfrida, maana dada wa mtani ni wifi utake usitake, nitapita uwanja wa mpira wanakoshushiwa watu kabla ya kupelekwa kambini. Nitamtambua. Nitatafuta mwanamke mwenye kichwa kigumu kama chako.

Mimi sijambo. Hapa Ujiji watu wanatoa nguo na mchele, na baba amefungua ua, wamelala kwetu familia mbili. Usiku sisikii lolote la ajabu, watu wamelala tu. Na mimi nalala.

Shadya Hamdani


Kagunga, 27 Mei 2015

Dada Shadya,

Nilikuwa nimelala kwenye hema la wagonjwa. Dripu mkono huu, dripu mkono ule. Usiwaambie Kalinzi. Leonardi alishika meza peke yake muda wote huo. Jana nimeweza kutembea mpaka kwenye kompyuta.

Winfrida amepita. Alipita nikiwa nimelala mita chache kutoka alipopita. Leonardi hamjui kwa sura, angemjuaje. Imeandikwa: Winfrida Nzeyimana, mgonjwa, boti ya kwanza. Siku hiyo hiyo, mbele kidogo: Irakoze, mtoto wa peke yake, boti ya kwanza. Nimemuuliza Leonardi. Anasema mama walimbeba machela hajitambui, jina lake wakalitaja waliombeba, mtoto akabaki amesimama, na mtu aliyebaki amesimama bila mkubwa tunamwandika mtoto. Alifanya sawa. Ndivyo tulivyokubaliana.

Nilikaa nikaitazama mistari hiyo miwili. Nilidhani nitafurahi kwamba wamevuka, au nitalia. Sikupata hata kimoja, nikaenda kunywa yale maji ya chumvi na sukari.

Nenda hospitali na uwanjani. Niambie wako pamoja. Hilo tu.

Alphonce


Ujiji, 30 Mei 2015

Kaka Alphonce,

Pole sana kwa kuugua. Ungetuma neno, ningekuja hata kwa kuogelea.

Habari njema kwanza. Winfrida alipona. Muuguzi anamkumbuka, anasema alipopata fahamu neno lake la kwanza lilikuwa mtoto. Walimwambia watoto wote wako uwanjani. Akaenda uwanjani, na huko wakamwambia walioshuka wiki ile wameshapelekwa kambini. Naye akapanda basi la kambini. Kwa hiyo yuko hai na yuko kambini.

Irakoze naye alipanda basi. Hilo nimelihakikisha. Basi jingine.

Sasa nahitaji kitu kidogo kutoka kwako. Kwenye kumbukumbu zetu wawili hawa hawajaungana. Si jambo la kutisha, nitawaunganisha kwa majina. Nipe jina la baba wa mtoto na jina la ukoo. Kwa Winfrida nimeona Nzeyimana, nikatafuta Irakoze Nzeyimana, sikupata. Labda mtoto ameandikwa kwa jina la babu. Nipe yote unayoyajua nimalize kazi hii leo.

Shadya


Kagunga, 3 Juni 2015

Shadya,

Baba wa mtoto anaitwa Ndikumana. Halitakusaidia.

Hujui, na nilipaswa kukuambia. Ng'ambo, na kwetu wengi wa milimani, mtoto habebi jina la baba wala la ukoo. Anazaliwa, anapewa jina lake. Mama Nzeyimana, baba Ndikumana, mtoto Irakoze, na akizaliwa mdogo wake atakuwa mwingine kabisa. Waweke kumi wa nyumba moja, hutapata jina linalofanana. Tunajuana kwa kujuana.

Ninyi wa Ujiji mmefungana majina kama samaki kwenye kamba. Shadya wa Hamdani wa Mwinshehe wa nani. Ukipotea mtu anakushika mkia anakurudisha mpaka Kongo. Sisi tukipotea tumepotea.

Nimefungua programu nikasoma kazi ya mgonjwa. Si mtaalamu, lakini Kiswahili chako ndani yake nimekielewa. Inamtoa mtu kwenye familia. Na mtoto umempa kazi ile ile. Ulijua?

Alphonce


Ujiji, 5 Juni 2015

Kaka Alphonce,

Nilijua.

Nilipoandika ule mstari niliona kwamba mtoto naye atatolewa kwenye familia. Niliona kabisa. Nikasema moyoni, haidhuru, jina la baba litamrudisha. Sikufikiri kuna mtu duniani anayetembea na jina lake peke yake. Mimi ni Shadya Hamdani Mwinshehe, na mtoto wa ndugu yangu akizaliwa kesho najua tayari majina yake mawili ya mwisho. Ningeandika kazi mpya ya mtoto, boti ya kwanza bila kumkata na watu wake, ingenichukua dakika chache zaidi. Nilipenda ule mstari mmoja. Nilijisifu kwako. Samahani. Neno hilo naliandika na naliona dogo, ila sina jingine.

Watoto wote walioandikwa hivyo tangu siku ile wametoka Kagunga wamekatwa. Si Irakoze peke yake. Ofisini nimewaambia. Bosi aliniuliza kama nimekula. Nilijibu ndiyo. Sikumbuki kama nilikuwa nimekula.

Sasa mtoto ana kazi yake na mgonjwa ana yake, kadi ni hii. Lakini kazi iliyokwisha kufanyika haifutiki kwa kubadilisha jedwali. Waliokatwa wamekatwa.

Kina Irakoze ni wengi. Ni jina la shukrani, kumbe, na watu wanashukuru sana. Wa umri wake nimewapata zaidi ya vidole vyangu. Nilitaka nikuulize sura yake, nikakumbuka ulimwona ananyonya.

Najua hutaki kusikia utani wangu. Hata mimi sina.

Shadya


Kagunga, 8 Juni 2015

Dada Shadya,

Hasira nilikuwa nayo siku moja, ikaisha kabla Nuhu hajafika kuibeba. Mimi ndiye niliyekuomba uwaondoe haraka. Na wengi waliobaki shuleni kabla ya kadi yako hawapo tena. Sijui nipime vipi jambo la namna hii, kwa hiyo silipimi.

Mama yetu ameshasikia. Aliyemwambia simjui. Amenitumia neno kwamba hataki salamu zangu, anataka binti yake na mjukuu wake.

Watu hapa wamepungua, ufuko umeanza kuonekana. Nimeomba ruhusa. Nakuja Kigoma na boti ya kesho na sitapita kwako, napanda basi la kambini moja kwa moja. Kama una lolote la kunisaidia, nitumie huko kwa karani wa mapokezi, anaitwa Oswald.

Alphonce


Ujiji, 12 Juni 2015

Kaka Alphonce,

Shikamoo. Oswald akikupa barua hii, mshike hapo hapo umuulize kuhusu mwanamke anayekuja mezani kwake. Nimeongea naye kwa simu leo.

Anasema kuna mama, Mrundi lakini Kiswahili chake cha huku kwetu, anayefika mara kwa mara kusema anatafuta mtoto. Oswald, ambaye naye anatumia programu yetu hii hii, anaandika kama alivyofundishwa: mama anatafuta mtoto. Programu inanyamaza na kuita anayefuata. Basi naye anamwambia mama, hakuna kitu, pisha wengine. Alidhani ndilo jibu. Alidhani programu imetafuta.

Kaka, haikutafuta. Aina hiyo haimo kwenye jedwali. Niliweka mgonjwa, mjamzito, mzee, familia, mtoto. Sikumweka mama anayetafuta. Jedwali ukiliuliza kisichokuwamo linakupa utupu, na mimi niliufanya utupu uwe ruhusa ya kuendelea, ili foleni isikwame. Yule mama ndiye Winfrida, sina shaka. Oswald anasema ana kichwa kigumu.

Nimeandika kazi ya kutafuta mtoto na nimeiweka. Lakini hiyo nayo inatafuta majina, na majina nimeshajua hayatoshi. Kwa hiyo sikiliza hili, ndilo ninaloweza kukupa. Kazi ya mgonjwa ilikuwa ikiagiza bangili nyekundu. Watoto waliopitishwa kwa kazi hiyo nao walivishwa, wakiwa wazima kabisa. Mwulize Oswald watoto wa bangili nyekundu wasiokuwa na ugonjwa wamewekwa wapi. Nadhani waliwatenga, maana waliwadhani wagonjwa. Katafute huko, si kwenye majina.

Nimejaribu kulia leo. Nilikaa chumbani nikafunga mlango kwa ajili hiyo. Haikuja, nikatoka nikaosha vyombo.

Shadya


Kambini, 21 Juni 2015

Dada Shadya,

Nimekuwa nikiianza barua hii kila siku.

Winfrida nilimkuta siku ile ile niliyopewa barua yako, kabla sijamaliza kusema na Oswald. Alikuwa kwenye foleni ya meza yake, amekuja tena. Nilikuwa nimeogopa nisimjue, na yeye akanijua kwa nyuma kwa jinsi ninavyosimama. Tulisalimiana. Aliniuliza mama yetu yu hali gani, nikasema mzima. Amekonda. Hakuuliza kwa nini hakunikuta Kagunga, nami sikusema. Nilimwambia twende.

Ulivyodhani ndivyo. Kuna hema tatu nyuma ya zahanati walimowekwa watoto wa bangili nyekundu, walingojwa waugue na hawakuugua, basi wakaendelea kukaa. Akina mama wa zamu wanawatunza. Hawakuwatendea ubaya. Wamenawa, wamelishwa. Ila ni wengi na akina mama ni wachache, kwa hiyo kila jambo linafanywa kwa kuita jina. Mtoto akiitwa anakwenda kusimama kwenye mstari. Mstari wa uji, mstari wa dawa, mstari wa kuoga. Tangu Kagunga hakuna aliyewaita kwa sababu nyingine.

Tulifika wakati wa uji. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza Winfrida alama za mtoto, kovu, meno. Hakunisikiliza. Alisimama kwenye kamba ya hema akatazama mara moja, akasema, yule. Nilitazama nikaona watoto tu. Akaita kwa Kirundi, Irakoze, ngwino, yaani njoo. Waligeuka wasichana watatu, na yule wake alikuwa mmojawao. Alimwona mama yake. Nakuambia alimwona, uso kwa uso, mbali kama kutoka mlangoni kwenu mpaka uani. Halafu akaenda akasimama nyuma ya mtoto wa mwisho kwenye mstari wa uji, akanyoosha kikombe chake.

Winfrida hakumkimbilia. Nilisogea nimshike mtoto nimlete, akanizuia kwa mkono. Alivuka kamba, akaenda akasimama nyuma yake kwenye mstari. Hakumgusa. Mstari ukawa unasogea, wakasogea. Walipofika mbele, mtoto akawekewa uji, na Winfrida akakinga viganja vyake viwili naye akawekewa. Wakaenda kukaa chini. Mtoto alikunywa wake wote akimtazama. Alipomaliza alivua bangili, ilikuwa imelegea, akampa mama yake aishike, kisha akakaa mapajani mwake.

Nimewaandikisha jana. Oswald aliniuliza nichague aina gani, nikamwambia familia. Mama yetu huko Kalinzi ametuma neno kwamba amewatayarishia kitanda, ingawa ruhusa ya kutoka kambini bado hatujaipata na sijui kama tutaipata. Watoto wengine wa zile hema bado wapo. Nimeomba nibaki niwatafutie watu wao, mmoja mmoja, na Winfrida anakaa nami mlangoni, maana yeye akimtazama mtoto anajua ametoka mlima gani.

Mimi bado sihisi kitu. Leo asubuhi nilikunywa uji nikausikia una sukari nyingi mno.

Kaka yako,
Alphonce